Mto Uliohamia Kulia

Sehemu ya saba

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, nitasema kwa ufupi, kisha turudi kwenye aibu yangu.

Mimi ni mpiga picha. Mtaani wananiita Cheka Kidogo, maana hilo ndilo neno ninalomwambia kila anayekaa mbele ya kamera yangu, hata aliyekuja kupiga picha ya pasipoti, ambayo haitakiwi kucheka. Studio yangu iko jirani na jengo refu kuliko yote mjini, lile la ghorofa sabini ambalo kila mtu analiita Sabini tu. Watu husafiri siku mbili kuja kupanda kwenye roshani yake ya juu wautazame mji. Mimi, ambaye kivuli cha jengo hilo hunipitia mlangoni kila alasiri, sijawahi kukanyaga hata ngazi yake ya kwanza.

Naogopa urefu. Taa ya studio ikiungua, humwita kinyozi wa mlango wa pili apande kwenye stuli aibadilishe.

Lakini dirishani mwangu kuna picha yangu kubwa. Nimevaa suti, nimeegemea chuma cha roshani ya Sabini, na mji wote umetandazwa nyuma yangu. Ni pazia. Miaka tisa iliyopita nilimpa mchora mabango kazi ya kuuchora mji kwenye turubai, ili wateja wapige picha wakiwa juu bila kupanda. Siku hizi hakuna anayelitaka, na pazia limeviringishwa nyuma ya kabati. Picha ndiyo ikabaki dirishani.

Aliiona binti anayepima macho kwenye duka la miwani la ng'ambo ya barabara. Akaniuliza kama kweli nimepanda, na mdomo wangu ukajibu ndiyo kabla sijaushauri. Huko ndiko mapenzi yetu yalikoanzia, na matatizo yangu pia.

Baba yake anaitwa Mzee Sabini. Hilo jina alipewa na mtaa mzima kwa sababu ndiye aliyechomelea chuma cha mwisho cha ile roshani wakati jengo linajengwa. Mume wa binti yake mkubwa alifika ghorofa ya ishirini akaomba ateremshwe, na hadi leo mzee akimsalimia humtazama viatu. Ameapa kwamba binti yake wa pili hataolewa na mwoga.

Mliniacha sebuleni kwake siku ya Jumapili, nimekwenda kuposa. Nimempelekea zawadi, nakala ya ile picha ndani ya fremu, na mzee ametoa miwani mfukoni ili aikague.

Haya, sasa tuendelee.

Mzee aliishika picha mbali na uso, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali tena. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kochi, tayari kukimbia. Nilikuwa na hakika kwamba mtu aliyeshinda juu ya jengo lile miezi kadhaa atalijua pazia kwa kulitupia jicho mara moja.

"Ni hapa hapa," akasema. Akagonga kioo kwa ukucha. "Chuma hiki nilikichomelea mimi. Na mto huu hapa kulia, nilikuwa nautazama kila saa ya chai."

Nikashusha pumzi. Halafu nikaivuta tena.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo siri ilipo. Mto hauko kulia. Picha aliyoitumia mchora mabango niliisafisha mwenyewe, kutoka kwenye filamu ya mgeni mmoja ambaye hakurudi kuichukua. Siku hiyo kazi zilinizidi, nikaiweka filamu kwenye mashine imegeuka, upande wa mbele umekuwa nyuma. Kila kitu kikahama. Ukisimama juu ya Sabini ukaelekea stesheni, mto uko kushoto na uwanja wa mpira uko kulia. Kwenye pazia langu mto uko kulia. Niligundua kosa rangi ikiwa imeshakauka, nikanyamaza, na kwa miaka yote hiyo hakuna mteja aliyelalamika. Mtu ukimpa picha yake hutazama uso wake tu.

Sasa mtu aliyekuwa akiutazama mto huo kila saa ya chai anawezaje kuuona kulia?

Nikamtazama mzee. Alikuwa akiifuta fremu vumbi ambalo halikuwepo, taratibu, kwa mkono wa shati. Nikaelewa. Mzee Sabini hajawahi kufika juu ya Sabini.

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyekuja shule bila kufanya zoezi, akakuta na mwalimu hajaja. Furaha hiyo ilidumu muda wa mama mkwe kutoka jikoni na sinia la chai.

Aliweka sinia mezani, akaichukua picha kutoka kwa mumewe, akaiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Ni mama mpole, mwenye kusema kidogo. Akairudisha fremu mezani na kumimina chai.

"Jumamosi twende wote," akasema. "Miaka ishirini na mitano nasikia habari za chuma hicho, na sijaonyeshwa. Wewe mzee utanionyesha, na mkwe atatupiga picha. Na huko huko juu utampa kijana jibu lake kuhusu binti yetu."

Mzee alipaliwa na chai. Mimi sikupaliwa kwa sababu yangu ilikuwa imeshamwagika kwenye suruali.

Mchumba wangu peke yake ndiye aliyepiga makofi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa kinyozi kabla hajafungua mlango wote. Nilimsimulia kila kitu. Kinyozi huyu ana tabia moja, hawezi kukupa ushauri bila kukunyoa, kwa hiyo nilitoka pale na kichwa cheupe na mpango mkononi. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Nimvute mzee pembeni, nimnong'oneze kwamba mto uko kushoto. Basi. Mzee mwenyewe ataifuta safari, na binti atanipa kwa mikono miwili, maana mtu akishikwa pabaya hutoa hata kisichoombwa.

"Umemkalia kooni," kinyozi akasema, akinipangusa shingo. "Usipomtumia wewe, atakutumia yeye."

Niliupenda ushauri huo hadi Jumanne.

Jumanne nilijiambia, kwa nini nimtishe mzee wa watu wakati naweza kupanda tu? Watoto wadogo wanapanda. Mabibi arusi na magauni yao wanapanda. Labda woga wangu ni wa zamani na umeshaisha bila mimi kujua. Jengo la studio yetu lina ghorofa nne na juu yake kuna kamba za kuanikia nguo. Nikamwomba kinyozi anisindikize nikajipime.

Ghorofa ya kwanza nilipanda nikipiga mluzi. Ya pili niliacha mluzi. Ya tatu niliona, kupitia tundu la ukutani, paa la duka la miwani likiwa chini yangu, nikakaa kwenye ngazi na kuukumbatia ukuta. Mama wa chumba namba nane akanipita na beseni la nguo mbichi, akaniuliza kama naumwa, nikamwambia napumzika. Alianika nguo zote, akateremka, akanikuta. Akaniambia mwanangu, nguo za kwanza zimeshaanza kukauka.

Woga haujaisha. Kinyozi alinishusha kwa kunishika mkanda.

Basi nikarudi kwenye mpango wa kunong'ona. Jumatano, saa ya chakula cha mchana, mchumba wangu akaja na mfuko. Alikuwa amenunua viatu vya kwendea Sabini. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akavijaribu, akawa anazungumza huku ameinama anafunga kamba.

Alinieleza kwamba alipokuwa mdogo baba yake alimbeba mabegani kila Jumapili, wakasimama hapo nje, karibu na mlango wangu, ingawa wakati huo studio haikuwepo. Baba alimwonyesha juu kabisa, pale jengo linapogusana na mawingu. Akamwambia pale pana mkono wake. Shuleni watoto wengine walisema baba zao wana gari, baba zao wana duka. Yeye alikuwa na kidole tu cha kuonyesha juu, na wote walinyamaza.

"Hata kazi hii ya macho," akasema, "nadhani niliipenda kwa sababu ya kuangalia mbali namna ile."

Alipoondoka nilikaa na mkono shavuni mpaka mteja akaniuliza kama nimefiwa. Ningewezaje kumnong'oneza mzee maneno yale? Siri ya namna ile ukishaitoa mfukoni hairudi. Ingefika kwa binti siku moja, na mimi ndiye ningekuwa nimeileta. Nilimpenda mno yule binti. Nampenda hata sasa ninapoandika haya, msije mkadhani nimeacha.

Alhamisi mlango wa studio ukafunguliwa. Alikuwa Mzee Sabini.

Alisema anataka picha ya pasipoti. Nikamuuliza anasafiri kwenda wapi. Akasema haendi popote, mtu mzima anatakiwa tu kuwa nayo. Nikamkalisha, nikawasha taa, nikaanza kurekebisha kamera ambayo haikuhitaji kurekebishwa.

"Watu wa hali ya hewa wanasemaje kuhusu Jumamosi?" akauliza.

"Jua, baba."

"Na upepo?"

"Mdogo."

Akajikuna goti. "Huko juu upepo hauwi mdogo," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Au siku hizi wameweka vioo?"

Nikamwambia wameweka vioo, na kuna sehemu moja tu iliyo wazi. Nililisoma hilo kwenye bango la mlangoni. Akauliza lifti huchukua muda gani. Dakika moja, baba, nikasema kama mzoefu. Hilo pia liko kwenye bango. Ukitusikiliza ungedhani mimi ndiye niliyelijenga.

Maneno ya kinyozi yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikainama kwenye kamera ili nisimtazame usoni nikiyasema, lakini kamera ndiyo kazi yake hiyo, kukuonyesha uso. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Mikono ameiweka magotini, imenyooka, kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu. Mikono mikubwa, yenye makovu kila kidole.

Nikazima taa. Nikaenda nyuma ya kabati, nikalivuta pazia, nikaliviringua sakafuni mpaka likamfika miguuni.

"Baba," nikasema, "mimi sijawahi kupanda Sabini. Ile picha nilisimama hapo ulipokaa."

Mzee aliinama. Aliutazama mji wangu, stesheni, uwanja, nyumba ndogo ndogo ambazo mchora mabango alizichora akiwa na njaa. Akagusa chuma cha roshani, na rangi ikambaki kidoleni.

"Na mto?" akauliza.

"Nilikosea kusafisha picha. Mto uko kushoto."

 Nje mtu alikuwa akivuta mlango wa bati wa duka, na tulisubiri mpaka kelele zikaisha.

"Kwa hiyo Jumapili ulijua."

"Nilijua, baba."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Akavua kofia, akaiweka juu ya stesheni. Ndipo aliponiambia. Alifanya kazi Sabini kweli, tena mwaka mzima na miezi minne, lakini chini. Alikuwa ndani ya shimo la msingi, akisuka nondo za nguzo kwenye matope, mahali ambapo jua liliingia saa sita tu na kutoka. Kazi ya shimo ilipokwisha wakampandisha ghorofa ya tatu, na siku hiyo hiyo watu wawili wakamteremsha, macho ameyafumba. Hakurudi tena. Jioni alipofika nyumbani binti yake mdogo alikuwa mlangoni.

"Mtoto wa miaka minne ananiuliza, baba umefika juu?" akasema. "Nikasema ndiyo. Kesho yake akaniuliza nilifanya nini huko juu. Ikabidi nitafute chuma."

Nikamwambia kwamba bila zile nguzo zake hakuna juu. Nilikuwa nasema kwa moyo wangu wote.

"Najua," akajibu. "Lakini shimo likishafukiwa, mtoto utamwonyesha nini?"

 Tukabaki tunautazama mji sakafuni, wanaume wawili wazima, mmoja amepanda ghorofa tatu na mwingine mbili na nusu. Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yeye. Tulicheka mpaka kinyozi akaja kuchungulia akiwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja.

Halafu tukaweka mkutano. Ilikuwa wazi kwamba mimi sipandi na yeye hapandi. Lililobaki ni nani augue. Tukiugua wote wawili siku moja, hata kuku angeshtuka. Mzee akasema ugonjwa una heshima yake, aliye mkubwa hutangulia, na yeye alikuwa na goti ambalo limekuwa likimsaidia kwenye mambo mengi. Mimi ningebaki kumuuguza, kama mkwe mwema. Wanawake wangekwenda, wangefurahi, wangerudi, na jibu langu ningepewa hapo hapo kwenye kochi. Alinishika mkono kwa nguvu. Akasahau hata kupiga picha ya pasipoti.

Ijumaa nililala usingizi mzuri kuliko siku zote tangu nianze kuwasimulia mkasa huu.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilifika kwao na kamera begani na chupa ya dawa ya kuchua mfukoni. Mzee alikuwa kwenye kochi, mguu ameunyoosha juu ya mto wa kulalia, umefungwa bendeji kutoka kifundoni mpaka pajani. Aliponiona akaguna kwa maumivu, ingawa tulikuwa peke yetu. Nikamwambia amefunga nyingi mno. Akasema bora izidi.

Mama mkwe akatoka chumbani amevaa gauni lake la sherehe, binti nyuma yake na viatu vipya. Mama akautazama mguu ule kuanzia chini mpaka juu.

"Pole, mzee," akasema.

Mzee akaanza kueleza jinsi goti lilivyomgeuka alfajiri akienda kuoga, na jinsi alivyosikitika, na kwamba mkwe amekubali kubaki. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi chumbani, tukasikia kitu kikigonga mlango, akatoka akisukuma kiti cha magurudumu.

Kilikuwa cha zahanati ya mtaa wa pili. Kilikuwa na namba ubavuni.

"Mkwe atasukuma," akasema.

Mzee akasema na kichwa pia kinamuuma. Mama akamwambia huko juu kuna hewa nzuri ya kichwa.

Sikuwahi kusukuma mzigo mzito namna ile. Mzee alikuwa mwepesi, mzito ulikuwa moyo wangu. Tulipofika kwenye ukumbi wa chini wa Sabini nikaona foleni imezunguka nguzo mara tatu, na nikamshukuru Mungu. Foleni ile ingetufikisha jioni, na jioni wanafunga. Nikamnong'oneza mzee kwamba tumeokoka. Ndipo mlinzi akaona kiti. Akainua kamba, akawaomba watu wasogee, akasema mgonjwa hapangi foleni.

Watu walitupisha kwa heshima kubwa. Mwingine alitupa pole.

Mlango wa lifti ukajifunga. Sina la kuwasimulia kuhusu safari yenyewe, nilifumba macho. Nakumbuka masikio kuziba, na mkono wenye makovu ukipapasa nyuma ya kiti mpaka ukaukuta wangu na kuukamata. Nakumbuka mchumba wangu akicheka kwa raha na kusema tumbo limebaki chini. Mimi langu sikujua liko wapi.

Lifti ikasimama. Mlango ukafunguka. Mwanga ukaingia, na nyuma ya mwanga upepo.

"Karibu, mama," sauti ya mwanamume ikasema. "Leo umekuja na wageni."

Nikafumbua jicho moja. Mlinzi wa juu, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akimtabasamia mama mkwe. Naye alitoka kwenye lifti kama anavyoingia jikoni kwake, akaweka mkono kwenye mlango usijifunge, na kugeuka. Mchumba wangu alikuwa ameshakimbilia kwenye kioo.

"Unamjua?" mzee akauliza, macho bado ameyafumba.

"Mwaka wa sita huu. Kila Jumatatu ya mwisho wa mwezi."

"Jumatatu ya mwisho wa mwezi unakwenda kwenye kikundi cha ushonaji."

"Umewahi kuniona na nguo niliyoshona?"

Mzee akaukamata mkono wa kiti.

"Nilikuja kutafuta chuma chako," mama akasema. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Nilitaka nikiguse. Nikamwuliza huyu bwana ni kipi. Akanieleza kwamba vyuma vyote vililetwa kutoka kiwandani vikiwa vimeshaungwa."

"Ukanyamaza," mzee akasema.

"Nilinyamaza. Nilikuwa nangoja unilete mwenyewe. Nikaona nikingoja zaidi tutazikwa." Akakitazama kiti. "Na hiki nilikiazima tangu Jumatano."

Mimi na mzee tukageukiana. Goti tulilipanga Alhamisi.

Sijui kama ningecheka au ningelia, kwa sababu wakati huo huo niliisikia sauti ya mchumba wangu. Alikuwa kwenye kioo, ameelekea stesheni. Mkononi alishika nakala ndogo ya picha yangu, ile anayoiweka kwenye mkoba wake. Aliinua picha, akaangalia nje. Akaangalia picha. Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Kazi yake ni kuwauliza watu wanaona nini, na hakosei.

"Mto uko kushoto," akasema.

Kisha akageuka na kunitazama moja kwa moja. "Ulisimama wapi?"

Mdomo wangu, uliokuwa mwepesi wa kujibu siku ile ya kwanza, ulikuwa mkavu. Nikafikiri kumwambia kuna upande mwingine. Nikafikiri kuzimia. Lakini kabla sijachagua, kiti nilichokishika kikawa chepesi ghafla.

Mzee Sabini alikuwa amesimama. Bendeji ilikuwa imeanza kumvuka, ncha yake imenasa kwenye gurudumu. Akanyoosha mkono mbele, amefumba macho, mpaka mkewe akaushika.

"Binti yangu," akasema, "niulize mimi kwanza."

Akainua mguu ule mgonjwa, akauvusha juu ya ule ufa mweusi ulio kati ya lifti na sakafu, na wa pili ukafuata. Bendeji ikabaki inajiviringua nyuma yake. Mkewe alikuwa akilia na kucheka. Mzee amefika juu. Hilo mimi ni shahidi, na yeyote atakayebisha aje studio.

"Mwanangu," akaniita bila kugeuka, "jibu lako liko huku nje. Mimi humo ndani sirudi."

Nilibaki peke yangu na kiti kitupu. Mama alikuwa ameuachia mlango. Ukaanza kujifunga, ukagonga gurudumu, ukafunguka. Ukajifunga tena, ukagonga, ukafunguka. Pembeni, watu waliomaliza kutazama mji walikuwa wamepanga mstari wakitaka kushuka.

Mchumba wangu alikuwa hatua nne kutoka nilipo, picha mkononi, hacheki. Hakuniita wala hakunifukuza. Alikuwa ananitazama tu, kama anavyomtazama mtu aliyeshindwa kusoma herufi kubwa kabisa ukutani, akimpa nafasi ajaribu mara moja zaidi.

"Bwana," mlinzi akaniambia, "unatoka au unashuka? Watu wanasubiri."